Kinyama cha Jicho na Saa Tunazokaa Juani



Msimu wa karafuu ukifika, mtu aliyesimama kwenye foleni ya mizani akatazama nyuso za watu, asiutazame mshale wa mizani peke yake, ataona jambo moja. Wako wenzetu wengi, khasa waliokwisha kupita umri wa miaka 40, ambao katika weupe wa jicho, upande wa puani, wana kitu kama kipande cha ngozi chenye mishipa myekundu, kimetambaa kuelekea kwenye mboni. Wengine wanacho katika jicho moja, wengine katika yote mawili. Ukiuliza, utajibiwa kwamba huo ni mtoto wa jicho, au ni vumbi, au ni moshi wa kuni, au ni uzee tu. Kisha mazungumzo yatarudi kwenye bei ya karafuu, kama ilivyo ada yetu.

Nimemwomba Mhariri nafasi niseme juu ya kitu hicho, kwa sababu naona tunakichukulia kuwa ni pambo la mkulima, kama sugu za mikononi, ilhali ni jambo linaloweza kupunguzwa, na kwa watu wachache ni jambo la hatari.

Kwanza tulitengeneze jina. Kitu hicho si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoishika lenzi, nayo lenzi imo ndani, nyuma ya mboni. Dawa yake ni kuitoa ile iliyoharibika na kutia ya bandia. Hiki ninachokisema kiko nje, juu ya uso wa jicho. Ni ile ngozi nyororo inayofunika weupe wa jicho, ambayo imenenepa, ikaota mishipa ya damu, ikavuka mpaka wake na kupanda juu ya kioo cha jicho, yaani konea, kwa umbo la pembetatu mfano wa bawa. Madaktari hukiita pterijiamu, neno la Kiyunani lenye maana ya ubawa mdogo. Watu hukiita kinyama cha jicho, nami nitafuata watu.

Msidhani kwamba nagombana na majina kwa kupenda ubishi. Mzee mwenye mtoto wa jicho kweli kweli, ambaye angeona tena kwa operesheni ya muda mfupi, huambiwa na jirani, "Hata mimi ninao, mwaka wa kumi huu, wala haunizuii kitu," kumbe jirani ana kinyama. Basi mzee hukaa nyumbani akingoja mpaka anaongozwa kwa mkono kwenda msikitini. Na mwenye kinyama naye husikia kwamba fulani alikwenda spitali akatolewa mtoto wa jicho akaona vizuri, huenda na yeye akatake akatwe siku hiyo hiyo, na akiambiwa asubiri huona amedharauliwa. Neno moja kwa maradhi mawili limewaponza wote wawili.

Kwa wengi kinyama si mkosi mkubwa. Jicho huwasha, huwa jekundu jioni, mtu huhisi kama ana mchanga. Lakini kikiendelea kukua huivuta konea ikapoteza umbo lake la mviringo, na mtu akaona vitu vimepindapinda au vina kivuli; na kikifika mbele ya mboni huziba mwanga kama pazia. Ukuaji wake ni wa miaka, si wa siku. Wengine hukua hadi mahali kisha kikasimama.

Je, ni wangapi wenye kinyama? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hesabu ya jambo hili ina mtego.

Mwaka 2018 wachunguzi walikusanya pamoja hesabu zilizofanywa katika nchi nyingi duniani, wakapata wastani wa watu 12 katika kila mia. Wastani huo usikutulize wala usikutishe, maana ndani yake mmechanganywa watu wa barafu na watu wa jua. Tazama badala yake hesabu mbili. Katika jimbo la Victoria, kusini mwa Australia, watu wa umri wa miaka 40 na zaidi walipochunguzwa, wa mjini walionekana na kinyama 1.2 katika mia, na wa mashamba 6.7 katika mia. Jimbo moja, jua moja, lakini wa shamba wamewazidi wa mjini zaidi ya mara tano. Ya pili ni ya Barbados, kisiwa cha miwa katika bahari ya Karibi, ambacho wengi wa watu wake ni weusi kama sisi. Huko, katika watu weusi wa miaka 40 hadi 84, walionekana 23.4 katika mia. Ni karibu robo ya watu wazima! Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2001, na ndani yake mna maneno mawili ambayo kila mwanachama ayashike: waliofanya kazi nje walikuwa karibu mara mbili ya waliofanya kazi ndani; na waliokuwa na desturi ya kuvaa miwani ya jua kila watokapo walikuwa yapata moja ya tano tu ya wasiovaa.

Barbados iko nyuzi 13 kaskazini ya ikweta. Unguja iko nyuzi 6 kusini, Pemba nyuzi 5. Daktari Cameron aliyeandika kitabu juu ya maradhi haya mwaka 1965 alionyesha kwamba yana ukanda wake duniani, kiasi cha nyuzi 37 kila upande wa ikweta, na kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo vinyama vinavyozidi. Sisi tumo katikati ya ukanda, kama shina la mnazi lilivyo katikati ya makuti.

Sasa nataka kuwapeleka bara, hata Kilema.

Jina lisiwatishe. Kilema ni nchi ya Wachagga katika miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, katika Wilaya ya Moshi, wala haina maana ya ulemavu. Ni mahali pa kale katika habari za mlima ule. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann, akitoka pwani, alifika kwa mangi Masaki wa Kilema, na ni katika safari hiyo alipoona theluji juu ya Kibo akaandika habari zake, wataalamu wa London wakamcheka wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. (Mtu huyo aliyeona walichokataa wengine alirudi kwao mwaka 1875 akiwa macho yake yamekwisha kufa. Sisemi kwamba jua la Kilema ndilo lililomfanya hivyo. Naona tu ni ajabu ya mambo.) Misheni ya Kikatoliki ilijengwa huko mwaka 1891, na kahawa ya Kilimanjaro inasimuliwa kuwa ilianzia kwenye bustani zake. Wakulima wa kahawa wa mlima ule walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, miaka 6 baada ya chama cha wakulima wa karafuu kuanzishwa Unguja mwaka 1927. Kwa hiyo tukiitazama Kilema tunawatazama ndugu zetu katika kazi: mti wa biashara, mizani, ushirika, na ugomvi wa bei.

Mkulima wa Kilema ana mashamba mawili. La kwanza ni kihamba, lililozunguka nyumba yake mlimani. Humo mna kahawa chini, migomba juu yake, na juu ya migomba miti mirefu kama mringaringa, na maji ya mifongo yanapita katikati. Kihamba ni giza la kijani; mtu anaweza kupalilia tangu asubuhi hadi adhuhuri asipigwe na jua usoni ila kwa vipande vipande. Shamba la pili liko chini, kwenye tambarare za upande wa Himo na Kahe. Huko hulimwa mahindi na maharagwe, na huko hukatwa majani ya ng'ombe wanaofugwa ndani. Tambarare haina mti wa kujifichia. Kuna jua, upepo na vumbi, na mara nyingi wanaoteremka na kupanda na mizigo kichwani ni wanawake.

Ukimhesabu mtu huyo kwa mahali alipolala, utamwandika "mkazi wa Kilema, mlimani, kivulini." Ukimhesabu kwa saa zake, utaona nusu ya mwaka wake uko tambarare. Watu wawili wa mtaa mmoja, mmoja fundi wa cherehani asiyetoka barazani, mwingine mama wa mahindi na majani, ni watu wa majua mawili mbalimbali. Na juu ya mlima huo huo wako vijana wa Kilema na Marangu wanaowachukulia wageni mizigo kwenda Kibo, mita 5,895. Huko mionzi mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, huzidi kwa kiasi cha sehemu 10 katika mia kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya hurudisha usoni hata sehemu 80 katika mia za mionzi inayoiangukia. Hao wana jua la tatu.

Ndiyo maana nasema hesabu ya kinyama ina mtego. Mtu akija akisema, "Kilema kuna wagonjwa kadha katika mia," au "Pemba kuna kadha," amesema robo ya maneno. Na akihesabu waliokwenda spitali peke yao, amehesabu wenye nauli na wenye maumivu. Yule mama wa tambarare aliyezoea jicho lake kuwaka hamo katika daftari. Katika hesabu nyingi za nchi za nje imeonekana kwamba wanaume wana vinyama zaidi ya wanawake, na wako wanaolisoma hilo kana kwamba jicho la mwanamume ndivyo lilivyoumbwa. Mimi sikubali. Jua huhesabu kazi, halihesabu ndevu. Mahali ambapo wanawake ndio washindao juani, sioni kwa nini hesabu isigeuke.

Rudini sasa nyumbani mwone jinsi mambo yetu yanavyofanana na yale. Mkarafuu ni kihamba chetu. Mchumaji aliye juu ya ngazi au tawini, majani yamemzunguka pande zote, kwa saa nyingi yumo kivulini, ijapokuwa hatari yake ya kuanguka ni kubwa na imekwisha kuandikwa mara nyingi katika jarida hili. Tambarare yetu ni uwanja wa kuanikia. Karafuu zikishatolewa kwenye makonyo hutandazwa juu ya majamvi au sakafu siku nne au tano za jua, na mtu lazima azipindue, azichunge na mbuzi, azikusanye wingu likija, azitandaze tena likipita. Nani afanyaye kazi hiyo? Ni mabibi, ni wazee ambao hawapandi tena, na ni watoto waliotoka skuli. Huinama wakaitazama sakafu nyeupe, nayo sakafu huwarudishia jua usoni kutoka chini, mahali ambapo ukingo wa kofia hauzuii kitu.

Kadhalika wengi wa wake zetu na binti zetu, karafuu zikiisha, hushuka pwani kulima mwani, kazi iliyoanza kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989 na sasa imeenea hata Pemba. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha kiasi cha sehemu 15 katika mia za mionzi hiyo, na povu la bahari sehemu 25. Mtu aanikaye karafuu msimu huu na kufunga mwani msimu ujao hana mwezi wa kupumzisha macho.

Labda mtu atauliza kwa nini kinyama huanza upande wa puani, si upande wa sikioni, ilhali pua ndiyo yenye kutia kivuli. Jibu lake lilinifurahisha nilipolisoma. Konea ni kama lenzi ya kukuzia. Mwanga unaokuja kutoka ubavuni, upande wa sikio, hupenya katika konea, ukapindwa, ukakusanywa upande wa pili, mpakani mwa weupe na weusi karibu na pua, kama watoto wakusanyavyo jua kwa kioo mpaka karatasi ikashika moto. Daktari Coroneo wa Australia alionyesha kwamba mwanga huo waweza kukusanywa hata mara 20. Mahali hapo hapo pana chembe changa zinazoilinda konea isivamiwe na ngozi ya jirani. Zikiunguzwa miaka na miaka, ulinzi hulegea, na ngozi ikavuka.

Hili lina maana kubwa kwa kazi zetu. Adui haji kutoka juu tu. Huja kutoka ubavuni na kutoka chini. Mwaka 2011 wachunguzi wa Kijapani walieleza jinsi walivyotia vipimo katika macho ya sanamu ya mtu na kuiweka juani kutwa. Wakaona kwamba mtu akilielekea jua, jicho hupigwa zaidi wakati jua limeinama, asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, na alasiri kati ya saa nane na saa kumi, kwa sababu jua likiwa utosini paji la uso na kope hulikinga jicho. Sisi tumezoea kuingia ndani adhuhuri na kutoka alasiri tukidhani hatari imepita. Jua kali la adhuhuri lina madhara yake ya ngozi na kichwa, sisemi watu wakae juani saa sita. Nasema tu kwamba saa tisa si kivuli. Wala wingu jembamba si paa, maana mionzi mingi hupita humo.

Vumbi na moshi je? Vyote viwili huliudhi jicho, na jicho lililoudhika huwa jekundu na kinyama kikavimba. Mwenye macho makavu huumia zaidi. Pia ziko jamaa ambazo baba, shangazi na mjukuu wote wanacho, kwa hiyo damu ina sehemu yake. Lakini naona tunalaumu vumbi kwa sababu vumbi linaonekana. Nchi kavu yenye vumbi mara nyingi ndiyo yenye jua, na mmoja hubeba lawama ya mwingine.

Nisemeje juu ya dawa? Wako kati yetu wanaotia jichoni maji ya majani yaliyopondwa, au asali, au maziwa ya mama anayenyonyesha. Hakuna hata moja katika hizo iwezayo kukirudisha kinyama nyuma, na maji ya majani huingiza uchafu unaofanya kidonda juu ya konea. Kidonda hicho ndicho kinachopofua, si kinyama. Wengine hununua dukani matone ya kuondoa wekundu. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Jicho huwa jeupe kwa siku tatu, mtu akafurahi akaendelea mwaka mzima bila kumwona daktari, na matone yakapandisha presha ya macho kimya kimya au yakaleta mtoto wa jicho wa kweli. Mwenye duka hana ubaya, anauza kilichoombwa. Ubaya ni kuomba.

Operesheni iko, na ni nzuri ikifanywa kwa wakati wake na kwa namna yake: kinyama kinapokaribia mboni, au kinapopinda kuona, au kinapozuia kazi. Walakini kukata si kumaliza. Namna ya zamani ilikuwa kukikata na kuliacha jeraha wazi, na vinyama vilivyokatwa hivyo hurudi mara nyingi mno, katika hesabu nyingine zaidi ya nusu, tena hurudi vikiwa vikali kuliko vya kwanza. Namna bora ni kuchukua kipande cha ngozi safi cha jicho lile lile, kutoka chini ya kope ya juu, na kukishona au kukigandisha mahali palipokatwa. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa namna hiyo, baada ya miezi sita, waliorudiwa walikuwa kati ya 3 na 17 katika mia. Kwa hiyo mwanachama anayeambiwa akatwe ana haki ya kuuliza, kwa adabu, "Bwana Daktari, baada ya kukata mtatia kiraka?" Na akikatwa kisha akarudi juani kichwa wazi, asishangae kitu kikirudi.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Si kila kilichoota juu ya jicho ni kinyama. Mwaka 1995 madaktari wa Kampala walieleza kwamba saratani ya ngozi ya jicho inaonekana zaidi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, na tangu hapo Afrika ya Mashariki yote imekuwa ikiona saratani hiyo zaidi ya ilivyokuwa zamani, hata kwa vijana. Jua ni chanzo chake kimoja pia. Inapoanza hufanana sana na kinyama, na hata mtaalamu aliyezoea hawezi kuwa na hakika kwa kutazama tu. Hakika hupatikana kwa kukipeleka kipande kilichokatwa maabara, kikatazamwe kwa hadubini. Ikigunduliwa mapema jicho huokolewa: jaribio lililofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba wagonjwa waliotiwa matone ya dawa ya fluorourasili baada ya operesheni walirudiwa 11 hivi tu katika mia kwa mwaka mmoja, na wasiotiwa 36 katika mia. Ikichelewa, jicho hutolewa, na yaweza kupita ikaenda ndani zaidi.

Mwanachama mwenzetu mmoja, jina namhifadhia, alikatwa mahali pamoja ambapo sipataji, akaona kwa jicho lake lililobaki kipande kikitupwa ndani ya ndoo pamoja na pamba. Alipouliza aliambiwa, "Ni nyama tu." Kwa bahati njema hakikuwa kitu. Lakini hiyo ni bahati, na jicho halichezewi bahati nasibu. Dalili za kutia shaka ni hizi: kilichoota upande wa sikioni badala ya puani; kilichokua kwa miezi badala ya miaka; chenye weupe kama chaki juu yake, au madoa meusi, au kinachotoka damu; na kinachomtokea kijana. Mwenye moja ya hizo asingoje msimu uishe. Aende Mnazi Mmoja au Chake Chake, na akiwa bara aende KCMC Moshi, spitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo inatibu na kufundisha matabibu wa macho.

Basi chama kifanye nini? Wako watakaosema kazi ya chama ni miche, majamvi na bei, na macho ni kazi ya Serikali. Mimi nasema chama kilichonunua majamvi kimekwisha kumweka mtu juani juu ya jamvi hilo. Karafuu zinapimwa unyevu, zinapimwa makonyo, zinapimwa uzito, na mwenye kuzianika hapimwi kitu.

Naleta shauri mbele ya mkutano. Tuanze na chepeo pana za ukindu, zifumwe na mafundi wetu wenyewe wa Unguja na Pemba ili fedha isivuke bahari, kila uwanja wa kuanikia upate kadiri ya watu wake. Kisha miwani ya jua, ile inayozunguka hadi ubavuni mwa uso, yenye alama ya UV 400. Nasisitiza kuzunguka hadi ubavuni, kwa sababu ya yale niliyoyaeleza juu ya mwanga wa upande wa sikio. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Kioo cheusi kisichozuia mionzi hufungua mboni tu. Na miwani hiyo ipewe kwanza mabibi wa uwanjani, halafu wachumaji, na sisi wajumbe wa kamati tukae mwisho wa orodha, kwa kuwa mikutano yetu hufanywa chini ya paa. Mabibi wengine watasema miwani ni ya watalii na vijana wa mjini, na watacheka. Wacheke wakiwa wameivaa.

Pia uwanja wa kuanikia uwe na kibanda kidogo cha makuti upande wa magharibi, ili anayechunga akae humo kati ya kupindua na kupindua. Gharama yake ni nguzo nne na siku moja ya watu wawili.

Jambo la mwisho ni hesabu. Tunao mizani katika kila jimbo, na wanachama wote hupita hapo. Tukipata muuguzi wa macho mmoja mwenye tochi kwa siku za kununua, twaweza kuwatazama watu wengi kwa msimu mmoja, wenye maumivu na wasio na maumivu, wake kwa waume, na wenye mtoto wa jicho wakatambulikana hapo hapo wakapelekwa. Ningependa karatasi hiyo hiyo wapelekewe wenzetu wa vyama vya kahawa vya Kilema, kwa kuwa Moshi kuna chuo cha ushirika tangu mwaka 1963 na njia ya kuwafikia ipo, wajaze za kwao. Wao wana kihamba na tambarare, sisi tuna mkarafuu na uwanja. Kuziweka karatasi mbili kando kwa kando kutatufundisha zaidi ya moja moja.

Nimekwisha kuichora karatasi yenyewe, nayo iko kwa Katibu. Ina safu saba: umri, mume au mke, jicho la kulia, jicho la kushoto, upande wa pua au wa sikio, huvaa nini kichwani na machoni. Safu ya saba ndiyo pana kuliko zote. Humo muuguzi hataandika kijiji. Ataandika saa ngapi kwa siku mtu hukaa juani, miezi mingapi, na tangu mwaka gani.